Springi za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinichukia kabla hajaniona, na aliponiona akaridhika kwamba hakukosea. Simsingizii. Alilisema mwenyewe siku ya posa, akimnong'oneza dada yake kwa mnong'ono wa kuamsha ng'ombe upande wa pili wa Mlima Meru. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yao, macho kwenye viatu vyangu kama inavyotakiwa, nikitabasamu. Mtu aliyekulia Terrat hufundishwa tabasamu na upepo: usipobana meno, vumbi lote la Arusha linahamia tumboni.

Kwake nilikuwa na makosa mengi. Nilitoka tambarare, na kwa watu wa Nkoaranga mtu wa tambarare ni yule ambaye Mungu alimwonea huruma akijua kupanda hataweza. Halafu kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, baada ya kushinda kutwa nimelala chini ya magari ya watu, wakati yeye alimtaka mkwe mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni. Na tena nacheka. Alisema mwanamume anayecheka hivyo ama ameshaiba ama yuko njiani kwenda kuiba.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliirithi chuki hiyo pamoja na shamba la kahawa, na vyote viwili alivipalilia vizuri.

"Shemeji, wewe ulisoma watu wamelala," aliniambia siku moja mbele ya wageni. "Na nasikia mwalimu naye alikuwa amelala."

Nikamjibu kwamba ni kweli, ila mimi niliamka na cheti, yeye huamka na njaa. Hatukusalimiana mpaka migomba ikazaa tena.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukipendana wakati mama mkwe alipopata kidonda. Sukari ilikuwa imemkalia siku nyingi, na kidonda kilianza kama mchezo, mkwaruzo wa jembe chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Akakipaka majani, kikakua. Akakipaka majani mengine, kikatoa harufu. Alipofikishwa hospitali nesi wa vidonda, mama mmoja mkali kama pilipili ya kwenye mbegu, alikisafisha, akakifunga, akasema kitafunguliwa na kusafishwa mara kwa mara mpaka kifunge chenyewe. Katikati ya safari hizo mguu usiguse tope, usikanyage chini, usigongwe.

"Kikigongwa tena," alimwambia mke wangu, "tutaanza kuongea habari za kukata."

Kutoka kwao mpaka hospitali ni njia ya miguu, imejikunja ubavuni mwa mlima kama mkanda kiunoni. Gari haipiti. Masika yalikuwa yameanza, na bodaboda waliokuwa wakithubutu njia ile walithubutu mpaka siku mmoja wao alipomwangusha mama mkwe kwenye mibuni na kidonda kikafumuka. Baada ya hapo wote wakawa na dharura.

Nilikuwa na pikipiki ya matairi manne, zile ambazo watalii hupandishwa ili wapige kelele porini. Niliinunua ikiwa maiti, injini iko kwenye karai, nikaifufua kwenye banda letu la ufundi kule Engutoto. Ukiikanyaga mafuta iliruka, ukiiacha ilikaa na kutoa macho, kwa hiyo mtaa ukaibatiza chura. Mke wangu, aliyekuwa ameshahamia kwa mama yake kumuuguza, akanipigia simu na kusema maneno machache tu: lete chura.

Nikapanda nalo. Nakwambia, njia ile ilikuwa na tope la kumeza trekta pamoja na mkopo wake. Nilipofika, mama mkwe alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Nikasimama mbali, nikamsalimia nikiutazama mparachichi.

"Shikamoo mama."

"Mwambie mumeo," akamwambia binti yake, "marahaba. Na mwambie hilo dude lake linavujisha mafuta kwenye maua yangu."

Kabla sijaendelea, ielezwe desturi, maana ndiyo iliyotutesa. Kwao, na hata kwetu kule chini, mkwe wa kiume na mama mkwe ni watu wa kukwepana. Mkwe hamgusi, hali mbele yake, halali nyumba anayolala yeye, na akikutana naye njiani hupisha mbali. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo mimi nililala kwenye banda la kahawa, kati ya magunia na chura. Lakini sasa mama huyo apande chombo kimoja na mimi, akae nyuma yangu, anishike kiuno? Afadhali mguu ukatwe mpaka shingoni. Hayo ni maneno yake.

Ungeuliza kwa nini shemeji asimwendeshe mama yake. Aliomba funguo siku ileile. Akazunguka ua mara moja akiwa amenyoosha shingo kama jogoo, mara ya pili akaingia na chura kwenye mfereji wa maji ya shamba, na maji ya jirani wote yakakatika mpaka jioni. Mama yake akaapa hatapanda chochote kinachoendeshwa na yeye. Kwa siku hiyo moja tu, nilikuwa wa pili kutoka mwisho kwa kupendwa.

Tukajaribu kumkalisha kwenye keria ya nyuma, mgongo kwa mgongo na mimi. Penye mwinuko wa kwanza chura likasimama kwa miguu ya nyuma likaangalia mawingu. Likabaki jambo moja, akae mbele. Nikachukua kiti cha mninga cha marehemu baba mkwe, nikakikata miguu, nikakifunga kwa boliti juu ya keria ya mbele, kikitazama njia. Nikakiongezea ubao wa mgongo mrefu kama mlango ili nisimwone naye asinione, na mbele, juu ya bampa, nikapigilia kibao chenye sponji cha kuwekea mguu. Ubao ule ulinifichia mama mkwe, na ukanifichia dunia pia. Nilikuwa naendesha kichwa nje kama abiria wa treni.

Safari ya kwanza, springi za mbele zikakata tamaa. Chura lilizaliwa libebe begi la mtalii na chupa ya maji kwenye keria ile, sasa limepewa kiti cha mninga na mama wa Kimeru aliyelishwa kwa loshoro, mahindi na maziwa mgando, tangu utoto. Pua ikainama. Kila shimo, vyuma viligonga vyuma, ngo, na kila ngo ilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kibao cha mguu. Yeye hakulia. Alimwita mke wangu, aliyekuwa akitembea pembeni ameshika viatu mkononi, akamwambia kwa sauti ya kanisani: "Mwambie mumeo kama amechoka kunisubiri nife, atumie panga."

Nesi alifungua bandeji. Damu ilikuwa imerudi.

Jioni ile nikayakazia macho yale mashokapu. Kila springi ya mbele imekaa juu ya ringi ya chuma yenye ngazi-ngazi. Ukiizungusha ringi kwa spana ya ndoano inapanda ngazi, inaibana springi, na pua ya chombo inanyanyuka. Mzigo mzito, ngazi ya juu. Hata mtoto anaelewa. Nikazipandisha zote mbili mpaka mwisho, nikajipongeza kwa Kiingereza cha masomo ya jioni.

Safari iliyofuata chura lilikuwa gumu kama meza ya mwalimu. Halikuinama tena, lilirukaruka. Likikanyaga mzizi mdogo wa mgrivea, mama mkwe alipaa, akakaa hewani muda wa kutosha kuona Kilimanjaro, kisha akashuka na kiti kikampokea bila huruma. Mguu nao ulipaa na kushuka. Nesi akauliza ni nani fundi. Nikanyoosha kidole kwa shemeji, lakini mke wangu akanisaliti.

"Wewe," nesi akaniambia, "unamwendesha mgonjwa au unapepeta mahindi?"

Alisema nyama mpya ilikuwa imeanza kuota, sasa imechubuka. Akataja vidole. Hakutaja kidole, alitaja vidole.

Tuliporudi nyumbani nilijua kosa langu lilikuwa nini. Springi hazipangwi kwa kukisia, hupangwa kwa uzito. Unatakiwa ujue mzigo ni kiasi gani, uuweke juu, upime pua imeshuka kiasi gani kutoka ilipokuwa, kisha upande ngazi moja moja mpaka ishuke kidogo tu, ibaki na nafasi ya kunesa. Mzigo wangu ulikuwa mama mkwe. Na mkwe hawezi kuuliza uzito wa mama mkwe wake. Kule mlimani ni afadhali umuulize umri, ni afadhali umuulize kama alimpenda mumewe. Nilipomtajia shemeji, kwa upole wote niliokuwa nao mfukoni, alishika mpini wa jembe.

"Unataka kumpima mama yangu kama gunia?"

"Nataka kupima springi, shemeji."

"Springi haikunizaa. Tafuta maneno mengine."

Nikajaribu kwa nesi. Akasema kadi iliyoandikwa uzito ni ya mgonjwa, mimi ni dereva. Basi nikafikiria kupakia magunia ya kahawa kwenye kiti mpaka nione kwa macho kwamba yanafanana naye, lakini ili nione kwamba yanafanana ilibidi nimtazame, na kumtazama ndiko kulikokatazwa. Ulimwengu mzima ulikuwa umefungwa kwa kitanzi kimoja, na mwisho wa kitanzi ulikuwa vidole vya mguu wa mtu.

Mke wangu ndiye aliyekata kamba. Alitamka akiwa anamenya ndizi, hata hakuinua kichwa: mama akae kwenye kiti, kaka ashike spana, yeye mwenyewe apime kwa ukambaa wa mgomba. Mimi niende nyuma ya mibuni, nigeuke, nielekeze kwa sauti. Shemeji alifurahi mno kwa sehemu ya mimi kwenda nyuma ya mibuni.

Hivyo asubuhi moja nikajikuta nimesimama kwenye kahawa nimeupa ua mgongo, umande umenilowesha mpaka kwenye mifupa, nikifanya ufundi kwa mdomo kama mchungaji anayebatiza kwa simu.

"Kabla hajakaa, pimeni kutoka chini mpaka kwenye bampa, kulia na kushoto."

"Tayari," akasema mke wangu.

"Sasa akae."

Nikasikia kiti kikilia. Chura likashusha pumzi. Nikamwambia shemeji azirudishe ringi katikati, halafu mke wangu apime tena. Akasema upande wa kulia umeshuka kuliko wa kushoto. Nikauliza kama mama amekaa katikati. Swali hilo lilikuwa kosa.

"Mwambie mumeo," ikasikika kutoka kitini, "nimekaa nilivyoumbwa."

Nikauliza kama chombo kiko mahali tambarare. Wote watatu wakajibu kwa pamoja, mama, mwana na binti, kwamba tambarare kabisa. Nami nikaamini, Mungu anisamehe, kwa kuwa sauti tatu za ukoo mmoja hazijawahi kukubaliana kabla ya hapo. Nikamwambia shemeji upande ulioshuka aupandishe ngazi mpaka ulingane. Akapandisha. Ukalingana. Akaniruhusu nitoke kwenye kahawa kama mtu anayemfungulia mbuzi.

Kwenda hospitali ilikuwa raha. Chura lilinesa kama godoro la arusi, kiti kimelala sawa, mguu umetulia. Mama mkwe alisema, ili nisikie, kwamba kumbe kazi ikifanywa na mwanaye huwa kazi. Shemeji alitembea mbele ameweka mikono nyuma kama diwani. Nesi akafungua, akaguna, akasema leo afadhali.

Kurudi, dunia ikapinduka. Unapokwenda hospitali mlima uko kushoto na bonde kulia. Unaporudi, mlima umehamia kulia na bonde liko kushoto. Chura, ambalo wakati wa kwenda lilisimama wima kama askari, sasa likalalia upande wa bonde kama mlevi anayetafuta ukuta. Kiti kikainama, mama mkwe akainama nacho. Nikaona kilemba chake kikitokeza kushoto mwa ubao, halafu bega, halafu mkono ukishika tawi la mbuni. Nikafunga breki. Mke wangu akaruka akamdaka mama yake kifuani, shemeji akaudaka mguu, na mimi nikadaka usukani, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa kushika. Tulikaa hivyo, watu watatu wamekumbatiana juu ya korongo na mkwe mmoja anatazama pembeni.

Mguu haukugonga. Ulinusurika kwa unene wa kiganja cha shemeji, na kiganja chake ndicho kilichochanika kwenye boliti. Mama mkwe alirudi nyumbani amebebwa mgongoni na mwanaye, hatua kwa hatua, akinitukana kwa Kimeru, lugha ambayo nilikuwa najifunza na ambayo siku hiyo nilipiga nayo hatua kubwa.

Uani shemeji alinivaa akiwa na kitambaa mkononi. Alisema nimetaka kumuua mama yake, kwamba watu wa Terrat tumezoea kuzika kwenye ardhi laini. Nikamwambia ringi alizungusha yeye. Akasema maneno yalitoka kwangu. Nikauangalia ule ua, kwa mara ya kwanza nikauangalia kama chombo cha kazi na si kama nyumba ya watu. Nikaokota parachichi bichi, gumu, la mviringo, nikaliweka chini pale chura liliposimama asubuhi.

Parachichi likawaza kidogo. Kisha likaondoka. Likapita katikati ya kuku, likapita maua, likaongeza mwendo, likadumbukia kwenye mfereji.

"Hiyo ndiyo tambarare yenu," nikasema.

"Maparachichi hutembea," shemeji akasema. "Kila mtu anajua."

"Yanatembea kuelekea wapi?"

"Chini. Ungetaka yaende wapi?"

Hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipoelewa ninaishi na watu gani. Wamezaliwa ubavuni mwa mlima, wamejifunza kutembea ubavuni, vigoda vyao vina mguu mmoja mfupi na hawajui, sufuria huwekwa kwenye mafiga na supu imejaa upande mmoja, nao huona ndivyo supu ilivyo. Ua ule kwao ndio ulikuwa kipimo cha usawa. Chura lilisimama limeinamia bonde, upande wa bonde ukashuka, shemeji akaukaza upande huo mpaka ukalingana na mlima. Alilitengenezea chura mguu mmoja mrefu, kama kigoda cha kwao. Kwa kwenda, lilikuwa sahihi. Lakini mgonjwa naye huwa anarudi.

Nilieleza. Nilichora kwenye tope. Shemeji aliufuta mchoro kwa kiatu, akasema basi tukienda tukaze kulia, tukirudi tukaze kushoto, na hospitalini wawepo mafundi wa kugeuza. Mke wangu alicheka. Kaka yake akamwambia acheke akijua mguu unaochezewa ni wa nani, na kicheko kikakatika hapohapo. Alikuwa na haki. Safari nyingine ilikuwa keshokutwa, mvua haijaacha, na nesi alikwisha kusema safari hizi ndizo zinazoamua.

Palihitajika ardhi sawa. Eneo lote lile sehemu moja tu ndiyo ilikuwa imekatwa na kusawazishwa, uwanja wa kanisa, pale magari ya harusi hugeuzia. Keshokutwa yake shemeji akambeba mama yake mgongoni mpaka hapo, mimi nikifuata na chura tupu. Nikaweka parachichi chini. Halikwenda popote. Shemeji akalisukuma kwa kidole. Likarudi likatulia. Alikasirika sana.

Sasa likaja tatizo. Mama mkwe alikwishakaa kitini, na akasema hashuki tena, kupanda na kushuka kunauumiza mguu. Na kiganja cha shemeji kilikuwa kimefungwa, hakiwezi kushika spana. Ringi iko chini, nyuma ya gurudumu. Anayeizungusha lazima alale chali, uso chini ya keria. Juu ya keria yuko mama mkwe.

Nadhani hakuna jambo ambalo desturi ililikataza kwa nguvu zaidi, ila tu hakuna aliyewahi kuliwaza ili alikataze. Mke wangu alivua kitenge cha pili, akakizungushia kiti kama pazia. Akina mama waliokuwa wakifagia kanisa wakaacha kufagia. Mzee wa kanisa, aliyekuwa akihesabu mabenchi ndani, akatoka na koti lake, akasimama, akatazama mimi, akatazama kiti, akauliza kwa upole kama jambo hili limefikiriwa vizuri. Akasema kuna mambo ambayo hata shida haiyahalalishi, na watoto wanaona.

Mama mkwe akamtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Mzee, mguu huu ukikatwa," akasema, "utakuja kunibeba wewe?"

Mzee akasema yeye ana mgongo.

"Basi rudi kwenye mabenchi."

Mzee akarudi ndani. Nilikuwa nimesimama mbali, natazama mnara wa kanisa, spana mkononi. Nikangoja amwambie binti yake anieleze. Badala yake nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nioe, maneno yake yakinijia mimi mwenyewe, bila kupita kwa mtu.

"Wewe. Lala chini ukaze."

Nikalala. Shemeji aliingiza mti wa mgrivea chini ya bampa, akaunyanyua kwa bega ili springi ipumue, na uzito wote ule, ambao mpaka leo siujui na sitaki kuujua, ukawa umening'inia juu ya pua yangu kwa hiari ya mtu anayenichukia.

"Shemeji," nikamwambia kutoka chini, "shika vizuri."

"Nashika. Nikiachia dada yangu ataolewa upya, na safari hii tutachagua."

"Mwaka huu hakuna wa kumchukua. Wameona familia."

"Zungusha, bwana, bega linauma."

Nikashusha ringi ya kulia mpaka ilipokuwa sawa na ya kushoto. Akateremsha. Mke wangu akapima kwa ukambaa, akasema zimelingana ila pua imeshuka bado. Shemeji akanyanyua. Nikapandisha ngazi moja kila upande. Akateremsha, mke wangu akapima. Mara nyingine tena. Tope la uwanja wa kanisa likaniingia kwenye kola, jasho la shemeji likanidondokea machoni, naye nadhani alilielekeza. Pua iliposhuka kwa upana wa vidole vya mke wangu na kubaki na nafasi ya kunesa, nikasema basi. Nikatambaa kinyumenyume, nikainuka nimegeuka upande mwingine. Hakuna aliyesema ahsante. Mama mmoja mwenye ufagio alisema kwamba zama zimekwisha.

Siku ile tulikwenda na tukarudi. Mlima ukawa kushoto, ukawa kulia, chura halikujali. Liliinama kidogo upande wa bonde kila njia, kama mtu mwenye adabu anayepisha wengine, likajirudi. Mashimo yaliingia kwenye springi yakaishia huko. Nesi akafungua bandeji akakaa nayo mkononi, akabonyeza pembeni ya kidonda, akauliza kama safari hii mgonjwa alibebwa na malaika. Mama mkwe akamjibu kwamba malaika hawanuki mafuta ya breki.

Mvua ziliendelea, na sisi tuliendelea. Vidole havikutajwa tena. Kidonda kilisinyaa, kikawa kama sarafu, kikawa kama mbegu ya kahawa, kikafunga. Katika safari zote hizo mama mkwe hakuniambia neno lingine. Alirudi kwa mtu wa tatu, mwambie mumeo apunguze mwendo, mwambie mumeo asipige honi kwa ng'ombe za watu, mwambie mumeo mlio wake wa kucheka unanitia kichefuchefu huku mbele. Shemeji naye alitangaza kijiweni kwamba zile springi alizipanga yeye, kwa bega, na kwamba mimi nilikuwa nimelala tu.

Siku ya mwisho alitakiwa kwenda kuonyesha mguu kwa daktari. Nilileta chura mlangoni asubuhi, nimelipiga maji linang'aa. Mama mkwe akatoka amevaa viatu vyote viwili, vya kufunga, na gauni la Jumapili. Akasimama barazani, akakiangalia kile kiti. Halafu akapita pembeni yake, akashika njia.

Mke wangu akamwita. Hakugeuka. Alitembea polepole, akiuweka mguu wa kulia chini kama mtu anayejaribu maji, kisha akauweka kwa nguvu zaidi, kisha akasahau kuujaribu. Nesi alikuwa ameruhusu hatua chache za ndani ya nyumba. Yeye alianza na mlima mzima. Sikuthubutu kumwacha, sikuruhusiwa kumkaribia, kwa hiyo niliwasha chura nikamfuata kwa gia ya kwanza, kwa mbali, kiti kitupu kikinesa mbele yangu. Watu waliokuwa mashambani waliinua vichwa. Mkwe anamfukuza mama mkwe wake kwa mashine, walisema baadaye, na sikuwa na namna ya kuwaeleza.

Alifika hospitali kabla yangu. Nilipozima injini nikamsikia kupitia dirishani, akimlalamikia nesi kwa sauti ya mtu mzima mwenye afya yake.

"Nimetembea njia yote hiyo," alikuwa akisema, "na yule mwanamume anakuja nyuma yangu na kiti kitupu. Wewe uliwahi kuona dharau kama hiyo?"

Nesi akasema hajawahi.